Nyusi za Mjomba Evon

Kwa miaka ishirini na mitatu, kila serikali mpya huko mbali ilipotaka kujua watu wa Kuigalek, kijiji cha wavuvi kwenye baridi ya kaskazini, wanaonaje kuhusu mgodi, ilituma ndege ndogo yenye watu watano, masanduku mawili ya karatasi na katoni ya biskuti. Na kila ndege hiyo ilipotua, mtu alitumwa nyumbani kwa Oksenia kumwambia ajiandae. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani.

Aliianza kazi hiyo akiwa na miaka arobaini na sita, nywele nyeusi tii na magoti yasiyo na neno. Sasa alikuwa na sitini na tisa. Mumewe Gabrieli alishazikwa, vidole vyake vilishaanza kupinda kwa baridi ya miaka yote ile ya kupasua samaki, na bado swali lilikuwa lilelile. Mnaonaje kuhusu mgodi? Angelitafsiri hata usingizini, na zipo siku alilitafsiri hivyo kweli, macho wazi, akili imelala.

Mgodi wenyewe ulikuwa haujachimbwa. Hilo ndilo lililochosha. Ungekuwa umechimbwa, watu wangelia mara moja wakajua wamelilia nini. Lakini ulikataliwa, ukafufuka. Serikali moja ikaufungia mlango, iliyofuata ikaufungulia. Kampuni ilibadilisha jina mara mbili, ramani ikabaki ileile: shimo juu vilimani, bwawa la maji machafu chini yake, na chini ya bwawa vijito vyote vinavyoulisha mto wa Kuigalek, ambamo samaki aina ya samoni hupanda kila kiangazi kutoka baharini kuja kutaga na kufa. Watu wa Kuigalek walisema hapana mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa machozi, na mara ya sita kwa adabu tu, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chai imekwisha. Waliosikiliza waliandika, wakashukuru kwa mchango wa wananchi, wakawahi ndege kabla ya ukungu. Biskuti ziliachwa.

Oksenia hakuchaguliwa kwa sababu ya elimu. Alichaguliwa kwa sababu ya mdomo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alipelekwa shule ya bweni kusini, akarudi baada ya miaka minne akiwa na Kiingereza kilichonyooka na tabia moja mbaya: ukimuuliza jambo, alijibu kwa sauti. Kwa Kuigalek hiyo ilikuwa kero. Huko mtu akikubali huinua nyusi, basi, imekwisha. Aliyeuliza ameona na mazungumzo yanaendelea. Mama yake alihangaika naye msimu mzima. Kila alipotamka ndiyo, mama alimwambia, "Nimeshakuona usoni umekubali. Ya nini tena kunipigia kelele?" Mwishowe ikamtoka. Aliwahi kumwambia wifi yake kwamba ukalimani haukumpa shida kama aliyoipata kuacha kusema ndiyo.

Basi mwaka huo wa ishirini na tatu kanuni zikalegezwa. Zamani kijito chochote kilichomwaga maji kwenye mto wa samoni kilikingwa, kikubwa au kidogo, chenye jina au kisicho nalo. Kanuni mpya ilisema kinakingwa tu kile kilichomo kwenye orodha, na hakiingii kwenye orodha mpaka mtu awe ameapa kikaoni kwamba kina samaki wanaovuliwa na kuliwa. Yaani kijito ndicho kilichotakiwa kujieleza. Kampuni haikutakiwa kueleza kitu.

Orodha ilifika kwa ndege ya barua mwezi wa tano, barafu ikiwa ndiyo kwanza inaachia mto. Oksenia aliisoma amesimama pale pale posta. Vijito vingi vilikuwamo. Kisha akafika kwenye ukurasa wa vilivyoachwa, na katikati ya ukurasa akakutana na maneno haya: Kijito 47, hakuna ushahidi wa matumizi. Shahidi mzee aliulizwa mara tatu, hakujibu.

Hakuna mtu wa Kuigalek aliyekiita Kijito 47. Wao walisema kwa Evon, kwa jina la mjomba wake Oksenia, ndugu wa mama yake, ambaye alivua pale tangu utoto wake. Ni kijito chembamba, mtu mwenye miguu mirefu anakiruka. Lakini mwezi wa tisa, nyasi zikishapigwa na jalidi, samoni waliokwisha kutaga hujazana humo wekundu kama damu, mapezi yamechakaa, mafuta yamewaishia. Wavuvi wa kujiburudisha kutoka mjini huwaita mizoga inayoogelea. Kuigalek huwapenda hao kuliko wote, maana samaki asiye na mafuta hukauka upesi bila kuoza, na ukimchovya kwenye mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini, katikati ya majira ya baridi, unakula huku umefumba macho. Na bwawa la maji machafu lilichorwa juu ya kijito hicho kabisa, kutoka chanzo mpaka mdomo.

Oksenia alikunja karatasi akarudi nyumbani. Hakuwa na haja ya kuuliza mzee gani. Alikuwapo siku ile. Yeye ndiye aliyeketi kando ya huyo mzee.

Ilikuwa miaka miwili nyuma, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, chini ya goli la mpira wa kikapu. Mjomba Evon alikuwa na miaka tisini na moja, amevaa kofia yake ya sikukuu. Bwana mmoja wa kamati ya serikali akauliza kama watu bado wanavua kwenye kile kijito. Oksenia akatafsiri. Mjomba akainua nyusi. Bwana yule akangoja, akauliza tena. Mjomba akainua nyusi tena, polepole, kwa ajili ya wasioelewa upesi. Mara ya tatu aliziinua mpaka kofia ikasogea nyuma, na watu wa viti vya nyuma wakacheka, maana kwa mzee kama yule hilo lilikuwa sawa na kupiga meza. Kisha bwana wa kamati akasema ahsante, shahidi mwingine.

Na Oksenia hakusema kitu. Hilo ndilo lililomsumbua sasa. Angeweza kusema anasema ndiyo, maneno mawili tu. Lakini jibu lilikuwa limeshatoka, kubwa, mbele ya ukumbi mzima. Kulirudia kungekuwa kama kumfokea mjomba wake hadharani. Hivyo alijiambia. Ila alijua pia kwamba ilikuwa saa ya sita ya kikao, kiuno kinamuuma, na akili yake ilikuwa kwenye banda lake la moshi alikoacha moto bila mtu. Desturi ilikuwepo, na uchovu ulikuwepo, na hakuweza kuvitenganisha.

Mjomba Evon alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Alikufa akidhani amejibu.

Oksenia alipanda ndege ya barua kwenda mjini, kwenye ofisi ya kamati. Alipokewa na Bi. Harlan, dada mwenye miaka kama thelathini, mpole, mwenye sura ya mtu ambaye hajala mchana. Alimtolea Oksenia kiti, akafungua jalada, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka masikioni ile sauti iliyonaswa siku ile, akasikiliza, akampa Oksenia naye asikilize. Swali. Tafsiri. Kimya. Swali, tafsiri, kimya. Mara ya tatu, kimya chenye vicheko kwa mbali.

"Mama, kinasa sauti hakina macho," akasema Bi. Harlan. "Na karani aliandika alichosikia."

Oksenia akauliza kama anaweza kuleta mtu mwingine aape. Wapo wengi wanaovua pale. Bi. Harlan akatikisa kichwa. Muda wa ushahidi mpya ulikuwa umepita tangu mwezi wa pili. Kilichobaki ni kusahihisha ushahidi wa zamani tu. Na ushahidi uliopitia kwa mkalimani husahihishwa na mkalimani mwenyewe, akila kiapo kikaoni kwamba kuna jambo aliliacha.

"Basi nitaapa. Lini?"

"Subiri kwanza, mama." Yule dada akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Mkalimani akishaapa kwamba aliacha jambo, jina lake linatolewa kwenye orodha ya wakalimani. Hatatafsiri tena mbele ya kamati. Ni kanuni, si mimi. Na wakili wa kampuni atakuwepo. Atakuuliza ni mara ngapi nyingine uliacha mambo."

Oksenia aliangalia mikono yake. Kwa miaka kumi alikuwa akiomba apatikane mtu wa kumpokea kazi ile. Alishawaambia watu hata kanisani kwamba amechoka. Na sasa mlango wa kutokea ulikuwa mbele yake, tena wazi, akaona unamuuma. Alitaka kuondoka kama mfanyakazi mwema anavyoondoka, si kama mtu aliyeshikwa.

Mwezi wa saba samoni walipanda, na kwa wiki tatu hakuna aliyepata muda wa kufikiri. Yeye na wifi yake Nastasia, dada wa marehemu Gabrieli, walisimama mezani kando ya mto tangu asubuhi hadi jioni, kila mmoja na kisu chake cha mviringo kama nusu mwezi, wakipasua na kutundika juu ya uchaga. Nastasia alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili na ulimi ambao haujazeeka hata siku moja. Aliposikia habari ya kiapo, alitupa utumbo wa samaki mtoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Wifi, wewe kweli umechakaa. Unataka kujichongea mwenyewe?"

"Nani mwingine wa kunichongea? Mwenye kosa ni mimi."

"Sema karani alikuwa anaangalia simu."

"Hakuwa anaangalia simu. Aliandika alichosikia."

"Basi sema Evon alikohoa. Kukohoa si sauti?"

"Kukohoa si ndiyo."

"Kwa Evon kila kitu kilikuwa ndiyo," alisema Nastasia. "Unadhani alioaje mara tatu?"

Oksenia alicheka mpaka akaweka kisu chini, na kicheko kikaishia pabaya, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na damu. Nastasia akaendelea kupasua kana kwamba hajaona. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alisema vijito viko vingi na mkalimani ni mmoja. Alisema wao wakiachia kijito kimoja leo, angalau wana mtu wa kupigania vingine kesho. Oksenia akamjibu kwamba hizo ndizo hesabu za kampuni, kijito kimoja tu, kimoja tu, na sasa wao wenyewe wamezishika. Samaki wakaendelea kupungua mezani.

"Na tukibaki bila wewe, nani atatusemea?" akauliza Nastasia.

Oksenia akachukua samaki mwingine.

Kikao kilifanyika mwishoni mwa mwezi wa nane. Goli lilelile, biskuti zilezile. Watu kama hamsini walikuja, wengine na midomo bado ya zambarau kwa matunda ya porini. Kwa mara ya kwanza Oksenia aliketi kwenye kiti cha shahidi, na kile cha mkalimani kando yake kikabaki kitupu, kwa kuwa angesema Kiingereza mwenyewe. Alikula kiapo. Akaeleza mara tatu za nyusi, moja baada ya nyingine, na kofia.

Wakili wa kampuni, Bwana Pruett, hakuwa mkali. Oksenia angependa awe mkali. Aliuliza taratibu, kama daktari, iwapo siku ile alisahau kutafsiri au aliamua kutotafsiri.

"Nilimwona amejibu," alisema Oksenia. "Nikadhani na ninyi mmemwona."

"Hilo si jibu la swali langu, Bi. Oksenia."

Mstari wa mbele Nastasia alikuwa amekaza macho sakafuni. Oksenia aliona kwamba akiitaja desturi peke yake ataeleweka nusu, na atakuwa amesema nusu, na yeye alikuwa ameapa.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Mlituweka hapa kwa muda wa saa sita. Mmetuweka hapa miaka ishirini na mitatu. Siku ile nilichoka, na mjomba wangu alikuwa amejibu, nikanyamaza. Kama si uchovu, pengine ningekumbuka kwamba nyie hamtuangalii mnapotuuliza. Kosa ni langu."

Bwana Pruett akauliza ni mara ngapi nyingine alichoka.

"Kila mara," alisema Oksenia. "Lakini niliyoyatafsiri, niliyatafsiri sawasawa."

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, akainama mbele. Akasema anataka kuwa na hakika: ishara hiyo ni ipi hasa, na je, shahidi anaweza kuionyesha? Oksenia akamtazama usoni akainua nyusi. Karani alikuwa ameweka vidole juu ya mashine yake. Vidole havikushuka. Akamtazama mwenyekiti, akamtazama Oksenia, hajui aandike nini. Hapo watu wa nyuma wakaanza kucheka, kisha wa katikati, na hata mwenyekiti akakohoa kuficha chake.

"Andika ndiyo, mwanangu," Oksenia akamwambia. "Kuna samaki. Alisema ndiyo."

Barua ilikuja mwezi wa kumi na moja, mto umeshaganda. Oksenia aliifungulia pale pale posta, Nastasia akichungulia begani. Kijito 47 kilikuwa kimerudishwa kwenye orodha. Nastasia alimshika mkono akaubana sana, wanawake wawili wazee wenye makoti mazito, wanazuia mlango wa posta.

Halafu Oksenia akageuza karatasi. Orodha ingepitiwa upya baada ya miezi kumi na minane, kijito kwa kijito, na kila kijito kingetakiwa kuthibitishwa na shahidi mpya. Jina lake limetolewa kama kanuni inavyotaka. Nafasi yake imejazwa na mkalimani mwenye cheti, ambaye hatalazimika kusafiri. Atakuwa anasikiliza kwa simu, kutoka jijini.

Alisoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Nastasia alipouliza kuna nini, alimpa karatasi asome mwenyewe. Nastasia akasoma, akairudisha, akasema neno ambalo halifai kuandikwa, kisha akasema kwamba yeye anakwenda kulala mpaka kiangazi.

Oksenia naye alitamani kulala. Alilala siku mbili. Siku ya tatu alivaa viatu vya manyoya akatoka kwenda kwa Agafia, binamu wa mama yake, ambaye yeye alimwita shangazi tangu utotoni. Agafia alikuwa na miaka themanini na minane. Alikuwa amekausha samaki kijitoni kwa Evon misimu arobaini, na sasa baada ya Evon hapakuwa na shahidi aliyekijua kijito kile kumzidi.

Alimkuta ameketi karibu na jiko anashona. Wakanywa chai, wakala samaki mkavu na biskuti ngumu. Oksenia akamweleza habari ya simu. Shangazi alisikiliza bila kuacha kushona. Mwishoni Oksenia akasogeza kiti, akaigiza sauti ya bwana wa kamati.

"Bibi Agafia, je, watu bado wanavua samaki kwenye kijito hiki?"

Agafia akainua nyusi.

"Kwa mdomo, shangazi."

Mzee akamtazama kwa huruma, kama anayeona mtu mzima amerudi utotoni. Akainua nyusi tena, juu zaidi.

"Huyo mkalimani hatakuona, shangazi. Atakuwa kwenye simu. Itabidi utamke."

"Nimtamkie mtu ambaye hata sura yake siijui?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa. Usipotamka, wataandika kwamba hakuna samaki."

Agafia alishona mishono mitatu minne. Alionekana analipima jambo lile upande huu na ule, na kadiri alivyolipima ndivyo lilivyozidi kumchukiza. Akasema kwamba mama yake Oksenia angeaibika. Akasema kwamba mtu mwenye akili zake hapigi kelele juu ya jambo ambalo hata dubu wanalijua. Oksenia akakubali yote. Akaongeza maji kwenye birika, akavua koti, kwa maana alishaona kwamba leo hatatoka mapema, na bado kulikuwa na wazee wengine saba kijijini.

"Tuanze tena," akasema. "Bibi Agafia, je, watu bado wanavua samaki kwenye kijito hiki?"

Nyusi za shangazi zilipanda. Mdomo ukafunguka kidogo, ukatetemeka, ukafungwa.